UZI: Nani Hawezi Kujitawala? Bangi, ubongo na siasa zetu

1/
Kila msimu wa kampeni hapa Kenya, bangi hurudi jukwaani. Mmoja anasema ihalalishwe, tuuze nje, tulipe madeni. Mwingine anasema ikihalalishwa tumezika kizazi. Na kila maandamano yakitokea, hakosi mtu wa kushika maikrofoni na kusema wale vijana "walikuwa wamevuta kitu", hawakujua wanachofanya.

Sitataja mwanasiasa wala chama. Nataka tufuatilie hoja moja tu: kwamba bangi humfanya mtu ashindwe kujizuia. Ilianzia wapi? Nani aliitumia, na kwa nini? Na ubongo wenyewe, ulipokuja kuchunguzwa, ulisema nini?

Uzi ni mrefu. Chukua chai.

2/
Tuanze na neno. Kiswahili kina neno moja, KUJITAWALA, linalobeba mambo mawili. La kwanza ni mtu kuzishika hasira na tamaa zake. La pili ni nchi kujiongoza bila mgeni kuiamulia.

Shikilia hizo maana mbili. Historia ya bangi Afrika Mashariki ni historia ya watu waliotumia ile ya kwanza kuwanyima wengine ile ya pili.

3/
Mmea wenyewe ni mgeni wa zamani. Asili yake ni Asia, na jina tulilonalo, bangi, ni la Kihindi. Hata leo kesi na magazeti yetu ya Kiingereza huandika "bhang", vilevile ilivyoandikwa Bombay. Jina lilikuja na biashara ya Bahari ya Hindi, kwa majahazi ya kaskazi, kabla ya serikali ya kikoloni kuwepo.

Kwa hivyo anayesema bangi ililetwa na muziki wa reggae amekosea kwa karne kadhaa. Na anayesema "ni utamaduni wetu halisi" naye atuambie utamaduni wa nani hasa, maana jamii zilizoivuta zilikuwepo na zilizoikataza pia zilikuwepo.

4/
Sasa twende India, mwaka wa 1893. Bungeni Uingereza kulikuwa na malalamiko kwamba bangi inawajaza Wahindi kwenye hospitali za wendawazimu. Serikali ikaunda Tume ya Dawa za Katani ya India.

Tume ilifanya kazi kwelikweli. Ilisikiliza mashahidi 1,193: madaktari, maafisa wa utawala, wakulima, wauzaji, watu wa dini. Ripoti yake ya 1894 ilijaza mabuku saba. Kwa karne nzima ya 19 sijui kama kuna mmea uliohojiwa hivyo.

5/
Ilipata nini? Kwa ufupi: matumizi ya kiasi hayakuonekana kuleta madhara makubwa kwa mwili, akili wala tabia. Matumizi ya kupindukia yalileta madhara, hasa kwa mtu ambaye tayari alikuwa dhaifu. Na wengi wa watumiaji walikuwa wa kiasi. Tume haikupendekeza marufuku kamili. Ilipendekeza leseni, kodi na udhibiti.

Sentensi hizo zina miaka zaidi ya 130. Na bado kwenye mijadala ya TV tunaongea kana kwamba tunaanza sifuri.

6/
Lakini sehemu inayonivutia zaidi ni hii. Tume ilirudi kwenye rekodi za hospitali za wendawazimu na kuuliza: nani aliandika kwamba mgonjwa huyu amepagawa kwa sababu ya bangi?

Mara nyingi hakuwa daktari. Mtu ameokotwa barabarani, hana jamaa, haongei kitu cha kueleweka. Fomu ina nafasi ya "chanzo cha ugonjwa". Polisi au karani lazima aijaze. Anaandika: bangi. Fomu inafika hospitalini, inanakiliwa kwenye daftari, daftari linakuwa takwimu, takwimu zinafika London zikiwa ushahidi.

Yaani uvivu wa kujaza fomu uligeuka kuwa sayansi. Tume ikasema wazi kwamba takwimu hizo hazitegemeki.

7/
Ungedhani hapo mjadala umekwisha. Wapi!

Novemba 1924 mataifa yalikutana Geneva kwa mkutano wa afyuni. Ajenda ilikuwa afyuni na koka. Mwaka mmoja kabla, Afrika Kusini ilikuwa imeiomba Jumuiya ya Mataifa iongeze bangi kwenye orodha ya dawa hatari. Halafu pale Geneva mjumbe wa Misri akasimama na hotuba kali: hashishi, alisema, ndiyo chanzo cha kati ya asilimia 30 na 60 ya visa vya wendawazimu nchini mwake.

Takwimu za hospitali za wendawazimu. Tena.

8/
Wajumbe wengi hawakuja wamejiandaa kujadili bangi. Hata hivyo, Februari 1925 mkataba ulitiwa saini na katani ya India ikawa ndani, pamoja na afyuni na kokeini.

Hebu tulia na tarehe hiyo. Mwaka 1925 hakuna mtu duniani aliyejua ni kitu gani ndani ya bangi kinacholevya. Hakuna aliyejua kinaenda wapi kwenye ubongo. Sheria ya dunia ilitangulia maarifa kwa takriban miaka 40. Na makoloni, yetu ikiwemo, yaliendesha sheria zao ndani ya mkondo huohuo. Sisi hatukuulizwa, wakati huo tulihesabiwa kama watu wasioweza kujitawala.

9/
Hiyo sentensi ya mwisho si mbwembwe zangu. Kuna daktari aliyeiandika kitabibu, hapa hapa Nairobi.

Hospitali ya Mathari ilianza 1910 kama hospitali ya wendawazimu. Kuanzia 1938 hadi 1950 iliongozwa na J. C. Carothers, daktari Mwingereza ambaye alipopewa kazi hiyo hakuwa na mafunzo ya magonjwa ya akili. Mwaka 1951 alichapisha makala akilinganisha Mwafrika wa kawaida, mzima wa afya, na Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa kukata nyuzi za sehemu ya MBELE ya ubongo.

Soma tena. Mzungu aliyekatwa ubongo, na babu yako akiwa mzima.

10/
Kwa nini sehemu ya mbele? Kwa sababu hata wakati huo madaktari walijua kwamba eneo lile nyuma ya paji la uso lina kazi ya kupanga, kuzuia pupa na kufikiria kesho. Carothers alisema Mwafrika haitumii ipasavyo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ya Kenya ikachapisha maandishi yake mengine, kuhusu saikolojia ya Mau Mau.

Umeona kazi ya hoja hiyo? Watu wanadai ardhi na uhuru. Badala ya kujibu kuhusu ardhi, unajibu kuhusu ubongo wao. Madai yanageuka dalili. Mpiganaji anageuka mgonjwa.

11/
Sisemi Carothers aliandika kuhusu bangi hapo. Nasema alitupa muundo wa hoja, na muundo huo bado unatembea mjini: "Hawa hawana madai, wana tatizo kichwani."

Leo hakuna anayethubutu kusema rangi ya ngozi ndiyo inayolemaza sehemu ya mbele ya ubongo. Lakini kusema "wamevuta" ni rahisi, na kunafanya kazi ileile. Hakuhitaji kipimo cha mkojo wala daktari. Kunahitaji maikrofoni tu, kama vile 1893 kulihitaji fomu na karani.

Sasa kabla wa upande wa "halalisha" hawajaanza kushangilia, tulieni. Sayansi inakuja, na haiwaachi salama nyinyi pia.

12/
Mwaka wa 1964. Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni, watafiti wa Taasisi ya Weizmann nchini Israeli, wanatenga kemikali inayolevya ndani ya bangi: THC. Malighafi yao ilikuwa hashishi ya Lebanoni iliyokamatwa na polisi, kilo tano, ambayo Mechoulam aliisafirisha kwa basi la abiria. Bila shaka lilinukia.

Mwaka huohuo, Novemba, Kenya ikiwa na uhuru wa mwaka mmoja tu, ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961 kuhusu dawa za kulevya. Mkataba ulianza kutumika Desemba 1964. Ulitaka matumizi yote ya bangi yasiyo ya tiba au utafiti yakomeshwe ndani ya miaka 25. Yaani kufikia 1989 ingekuwa imekwisha duniani.

Mlango wa maarifa ulifunguliwa mwaka uleule ule wa sheria ulipofungwa.

13/
Baada ya kuijua THC, swali likawa: inashika wapi? Mwaka 1988 Allyn Howlett na William Devane, wakiwa St. Louis, Marekani, walionyesha kwamba ubongo una vipokezi maalumu vinavyoipokea. Kipokezi ni kama kufuli, na kemikali ni ufunguo wake.

Lakini ubongo hauwezi kuwa na kufuli kwa ajili ya mmea ambao watu wengi hawajawahi kuugusa. Lazima mwili una ufunguo wake. Mwaka 1992 ukapatikana, kwenye ubongo wa nguruwe. Uliitwa anandamidi, kutokana na neno la Kisanskriti "ananda", raha. Mwaka 1995 ukapatikana wa pili.

Kwa hiyo wewe, mimi na hata yule anayehubiri dhidi ya bangi kila Jumapili, sote tuna kemikali za jamii hiyo kichwani.

14/
Zinafanya nini? Hapa naomba msaada wa matatu.

Kawaida ujumbe kwenye ubongo huenda mbele: seli A inamwaga kemikali, seli B inapokea. Lakini kemikali hizi za mwili huenda KINYUME. Seli B ikizidiwa, inatuma ujumbe kurudi kwa A: punguza. Hilo lilithibitishwa mwaka 2001.

Ni kama makanga aliye mlangoni anayegonga bodi kumwambia dereva apunguze, kuna mtu anashuka. Anagonga pale panapohitajika, kwa stage husika, kwa sekunde chache. Gari linaendelea.

15/
Sasa THC ikiingia ni kama abiria mlevi anayegonga bodi ovyo. Hagongi gari moja, anagonga magari yote ya mjini kwa pamoja. Na hagongi sekunde mbili, anagonga masaa. Madereva wanachanganyikiwa: anayepaswa kwenda anapunguza, anayepaswa kusimama anapita.

Ndiyo maana mtu mmoja aliyevuta anacheka, mwingine anaogopa, wa tatu anasahau alichokuwa anasema katikati ya sentensi. Inategemea ni barabara gani za ubongo zimevurugika, kipimo ni kipi, na alikuwa nani kabla hajavuta.

16/
Vipokezi hivyo viko wapi kwa wingi? Viko hipokampasi, inayoshughulika na kumbukumbu mpya. Viko serebela na sehemu nyingine zinazoongoza mwendo wa mwili. Na viko sehemu ya mbele ya ubongo, ileile iliyogombaniwa na Carothers.

Vilipo vichache sana ni shina la ubongo, panapoendeshwa kupumua. Hiyo ndiyo sababu dozi kubwa ya heroini inaweza kumkatisha mtu pumzi, na bangi haiui kwa njia hiyo. Huo ni ukweli ambao upande wa "piga marufuku" huruka. "Haiui kwa kukata pumzi" hata hivyo si sawa na "haidhuru". Huo ndio ukweli ambao upande wa pili huruka.

17/
Je, bangi inapunguza uwezo wa kujizuia? Kuna namna ya kupima. Unakaa mbele ya kompyuta na kubonyeza kitufe kila ukiona alama. Mara kwa mara ishara ya "SIMAMA" inatokea ukiwa tayari umeanza kubonyeza. Wanapima unachelewa kiasi gani kujisimamisha.

Majaribio ya namna hii yameonyesha kwamba mtu aliyepewa THC ya kutosha huchelewa kusimama. Kushika mambo kadhaa akilini kwa wakati mmoja kunakuwa kugumu, na muda anauona umerefuka kuliko ulivyo. Kwa hivyo jibu ni ndiyo: kwa masaa kadhaa, breki zinalegea. Usiendeshe gari wala pikipiki. Hapo hakuna siasa.

18/
Lakini breki kulegea si sawa na kuwa na fujo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi, walilinganisha mwaka 2016: watu waliokunywa pombe walijihisi wakali zaidi walipochokozwa, na waliovuta bangi walijihisi wapole zaidi. Anayeacha baada ya kuvuta kila siku ndiye anaweza kuwa na hasira na kukosa usingizi kwa muda.

Kwa hivyo picha ya "walivuta ndio wakawa na ujasiri wa kukabili vitoa machozi" haikai vizuri na kinachojulikana. Tukitafuta kilevi kinachokwenda na ngumi, jibu liko baa, na lina leseni ya kaunti ukutani.

19/
Na tukumbuke ukubwa. Utafiti wa kitaifa wa NACADA wa 2022 ulikadiria kwamba Mkenya 1 kati ya 8, wa umri wa miaka 15 hadi 65, anatumia pombe. Tumbaku ni 1 kati ya 12. Bangi ni 1 kati ya 53, takriban watu 518,807.

Hiyo haimaanishi bangi ni ndogo. Watu nusu milioni ni wengi. Inamaanisha tu kwamba ukimsikia mtu anayelia kuhusu vijana na bangi peke yake, muulize pombe ameiweka wapi.

20/
Sasa sehemu nzito: umri. Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo inayochelewa zaidi kukomaa, inaendelea mpaka katikati ya miaka ya ishirini. Na mfumo wa vipokezi tuliousema husaidia kuujenga ubongo huo. Kumpa mtoto wa miaka 14 THC kila siku ni kama kugonga bodi ovyo wakati barabara zenyewe bado zinachorwa.

Utafiti wa Uswidi uliochapishwa mwaka 1987 uliwafuatilia vijana 45,570 walioandikishwa jeshini. Waliokuwa wamevuta zaidi ya mara 50 walionekana kupata skizofrenia mara sita zaidi ya wasiovuta. Mwaka 2019 utafiti wa Ulaya ulionyesha kwamba wanaotumia kila siku bangi yenye THC nyingi wana uwezekano wa karibu mara tano wa kupata ugonjwa wa saikosisi. Wengi hawaugui. Lakini usiniambie "ni majani tu".

21/
Hapa ndipo mjadala unapokuwa mtamu. Dunedin, New Zealand, watoto 1,037 waliozaliwa 1972 na 1973 wamefuatiliwa maisha yao yote. Mwaka 2012 ripoti ikasema: walioanza bangi utotoni na kuendelea kwa miaka walipoteza kwa wastani takriban pointi 8 za IQ. Vichwa vya habari vikavuma dunia nzima. Mwaka uliofuata mchumi mmoja wa Norway akajibu kwamba tofauti za hali ya maisha zinaweza kueleza sehemu ya matokeo hayo, na baadaye tafiti za mapacha zikaelekeza kwenye familia zaidi ya mmea.

Lakini kuna ripoti nyingine ya watoto haohao, ya 2011, ambayo haikupata kelele. Ilionyesha kwamba mtoto mwenye uwezo mdogo wa kujizuia akiwa mdogo ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kuwa mraibu wa dawa akiwa mtu mzima.

22/
Umeona? Mshale unaweza kwenda pande zote mbili. Bangi inalegeza breki, NA mtoto ambaye breki zake tayari ni dhaifu ndiye anayeifuata bangi. Halafu kuna vitu vinavyovuta vyote viwili: umaskini, nyumba yenye vurugu, shule iliyomfukuza.

Mwanasiasa akichagua mshale mmoja tu, anachagua pia nani alipe. Akisema "ni bangi", polisi ndio jibu. Akisema "ni hali ya maisha", bajeti ndiyo jibu. Polisi ni rahisi kuliko bajeti. Si ajabu tunajua jibu gani hushinda.

23/
Kuhusu tiba, kwa kifupi, maana inapotoshwa sana. Bangi ina kemikali nyingine, CBD. Hii hailevyi kama THC. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa ya CBD, Epidiolex, kwa aina mbili za kifafa kikali cha watoto. Hiyo ni dawa iliyopimwa, yenye dozi. Si ruhusa ya kusema msokoto unatibu kila kitu, na si sawa na biskuti ya bangi inayouzwa karibu na shule. Tena biskuti ina hatari yake: THC iliyoliwa huchelewa kufanya kazi, mtoto anadhani haijashika, anaongeza mbili, na saa moja baadaye yuko hospitali.

Desemba 2020 nchi zilipiga kura Vienna kuitoa bangi kwenye orodha ya dawa hatari zaidi zisizo na faida ya tiba. Ilipita kwa kura 27 dhidi ya 25. Kenya ilipiga ya kupinga. Uliwahi kusikia tukijadiliwa kabla ya kura hiyo?

24/
Wengine barani wamechagua njia zao. Lesotho ilianza kutoa leseni za kilimo cha tiba 2017. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua 2018 kwamba mtu mzima anayetumia faraghani si mhalifu. Hakuna aliyemaliza maswali, lakini walau waliyauliza mahali panapofaa.

Sisi sheria yetu kuu ni ya 1994. Ilipotungwa, kupatikana na bangi ya matumizi yako mwenyewe kulikuwa na adhabu ya hadi miaka 10 jela. Imerekebishwa tangu hapo. Wafuasi wa Rastafari nao wameipinga mahakamani kwa misingi ya dini.

25/
Sasa weka sheria na ubongo pamoja, uone nani anaumia.

Kijana wa miaka 19, mtaani, amekamatwa na msokoto mmoja. Kama hana kitu cha kidogo, anafikishwa kortini. Akitiwa hatiani, rekodi inaingia. Miaka mitatu baadaye anatafuta kazi, anaombwa cheti cha maadili mema. Hapo ndipo maisha yake yanapokwama, kwa kalamu na si kwa THC.

Na yule wa miaka 14 anayevuta kila siku, ambaye sayansi inapiga kelele kumhusu? Anafukuzwa shule. Anakwenda kuishi palepale bangi inapouzwa. Tumemwadhibu asiye hatarini sana na kumtelekeza aliye hatarini kabisa, halafu tukaita hiyo vita dhidi ya dawa za kulevya.

26/
Kwa hivyo ukisikia mjadala huu tena, kutoka upande wowote, beba maswali haya manne:

• Unazungumzia umri gani? Miaka 14 na miaka 40 ni bongo mbili tofauti.
• Kiasi gani, na nguvu gani? Mara moja na kila siku si kitu kimoja.
• Nani aliandika "bangi" kwenye ile fomu? Daktari aliyepima, au karani aliyechoka?
• Hoja hii inajibu madai, au inawakwepa wanaodai?

27/
Hilo la nne ndilo la kwetu sisi tunaofuata siasa. Inawezekana katika umati wa watu elfu moja kuna ishirini waliovuta. Inawezekana bunge lina wengi zaidi waliokunywa. Bei ya unga haibadiliki kwa sababu aliyeilalamikia alikuwa amelewa, na swali kuhusu kodi haliwi la uongo kwa sababu ya pumzi ya aliyeuliza.

Mwaka 1954 walituandikia kwamba madai yetu ni ugonjwa. Miaka tisa baadaye tulijitawala. Kijana wa leo akisimama kuuliza fedha zimeenda wapi, mjibu fedha zimeenda wapi. Kama unadhani anahitaji daktari, basi mjengee kliniki baada ya kumjibu.

Mwisho wa uzi. Una swali au una ukweli niliouacha? Weka hapo chini, tujadiliane bila matusi. Na ukimjua mzazi au mwalimu wa kijana wa miaka 14, mtumie namba 20.